Kopo la Maharagwe Mlangoni

Mercy, uliniomba karatasi moja tu. Ulitaka kujua vitu viko wapi: ufunguo wa kabati, waya mrefu wa stima, kifuniko cha birika kubwa. Nimeianza hiyo karatasi mara tatu na kila mara inakuwa ndefu, sasa nimeiacha iwe ndefu. Sijui kama itakusaidia. Mimi nilisoma mpaka darasa la nane na muhula mmoja wa sekondari, na nyinyi wa siku hizi mna diploma, kwa hivyo ukiona mahali nimekosea urekebishe, na ukiona mahali nimejisifu ufute.

Ufunguo wa kabati uko ndani ya kikombe cha bluu kisicho na mkono. Waya wa stima uko nyuma ya viti. Kifuniko cha birika kilipotea mwaka wangu wa pili, na tangu hapo tunafunika na sahani.

Hayo ndiyo uliyouliza. Yanayofuata hukuuliza.

Nilikuwa mfagiaji wa mabweni. Asubuhi moja msimamizi akaniambia nibebe ndoo yangu niende kile chumba nyuma ya maktaba kilichokuwa kinawekwa madawati yaliyovunjika, kwa sababu chuo kimeamua kufungua kituo cha wanawake. Sikujua kituo cha wanawake ni nini. Nilidhani ni zahanati. Nikakuta mama mrefu, kitambaa kichwani, anasukuma meza peke yake. Huyo alikuwa Mama Consolata. Alikuwa amestaafu uuguzi, chuo kikamwomba aje kuanzisha kituo.

"Wewe ndiye wa kuosha?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Basi leo huoshi. Shika upande ule."

Tulisukuma mpaka saa saba. Tulipomaliza alipanga viti kwa mviringo, akakaa kwenye kimoja, akasimama, akahama kingine. Alijaribu vyote. Nikamwona kama mtu aliyechanganyikiwa kidogo, na nasema hivyo kwa heshima. Baadaye ndiyo nilielewa. Kuna viti ambavyo ukikaa unaonekana na kila anayepita dirishani. Alivitia alama ya chaki chini, na hivyo havikupewa msichana aliyekuja akilia. Alama zilifutika zamani, lakini mahali pake napajua bado. Ni viwili, vile vya karibu na mlango. Kaa wewe hapo.

Alinifundisha mambo mawili. La kwanza alinifundisha siku hiyohiyo tukinywa chai.

"Msichana akiingia hapa usimuulize amekuja kufanya nini. Pengine hajui. Pengine anajua na hawezi kusema. Muulize kama anakunywa chai na sukari ama bila. Hilo kila mtu anaweza kujibu."

La pili lilikuwa kitabu. Daftari kubwa la jalada gumu, linakaa mezani mlangoni na kalamu imefungwa kwa uzi. Jina, namba ya usajili, simu, tarehe. Kila anayeingia, kila siku, hata akija kuchukua pedi tu na kuondoka. "Ofisi haitakuja kuona," aliniambia. "Ofisi itasoma. Kama hawakuandika, hawakuja."

Nataka niseme ukweli kuhusu Mama Consolata, kwa sababu hayuko hai kujitetea. Alikuwa sawa. Mara mbili nikiwa hapo walitaka kutunyang'anya kile chumba waweke kompyuta, na mara zote mbili alibeba madaftari yake chini ya kwapa akaenda nayo ofisini, akarudi na chumba. Kitabu ndicho kilichotuweka hapo. Alipoondoka kwa ugonjwa aliniachia mimi funguo, na mimi nikakishika kitabu kama alivyokishika. Mtu akipita bila kuandika namfuata mpaka nje.

"Mathe, nimekuja tu kusalimia!"

"Andika kwamba umesalimia."

Walikuwa wananiita Mathe, mama yao, na kunicheka. Lakini waliandika.

Kuhusu sherehe na shughuli za wanafunzi utajifunza mwenyewe haraka. Kila mwenyekiti mpya wa wanafunzi wa kituo huanza na fulana. Wiki mbili watabishana rangi. Waache wabishane, huko ndiko wanajuana. Mgeni wa heshima atachelewa, kwa hivyo chai iive saa moja baada ya wakati ulioandikwa kwenye bango, na usimwambie mwenyekiti. Mdahalo na wavulana hujaza chumba, mafunzo ya kuandika barua za kazi hayajazi mpaka mwaka wa nne wanapoogopa. Msimu wa wale wadudu wadogo wa ziwani wasiouma, usiwashe taa ya nje kabla watu hawajakaa. Niliwasha mwaka mmoja, na mheshimiwa mmoja aliwala wengi katikati ya hotuba. Alikuwa muungwana, aliendelea kuhutubia.

Lakini kazi yenyewe ni Jumatano. Kikao cha saa kumi, bila mgeni, bila bango la jukwaani, bila kipaza sauti. Wasichana wanane, kumi, wakizidi sana kumi na wawili. Wengine wana watoto, wengine wako na mambo nyumbani, wengine wanataka tu kukaa mahali ambapo hakuna anayewasukuma. Mimi nilikuwa namimina chai. Sikuwa mshauri, mshauri alikuwa anatoka kitengo kingine. Sijui kama nilisaidia mtu. Nilikuwa naenda nyumbani Mamboleo najiuliza hivyo njia nzima.

Na hapa nikwambie kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Wanaondoka. Unajua jina la mtoto wake, unajua anaogopa mwalimu gani, unajua anakunywa vijiko vitatu vya sukari. Miaka minne inaisha, anakupiga picha na simu, anaondoka. Kila mwaka unaanza majina upya. Mume wangu alifariki nikiwa mwaka wa sita wa kazi, vijana wangu wawili walienda kutafuta, mmoja Nairobi, mwingine Nakuru. Nikawa na nyumba yenye kiti kimoja kinachotumika na chumba cha kazi chenye viti ishirini. Naandika hivyo bila kulalamika. Vijana wangu hupiga simu Jumapili.

Sasa nifike kwa Lavender. Nimezunguka kwa sababu naogopa kufika.

Lavender alikuwa mwaka wa pili. Kwao ni Asembo Bay, mama yake anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa na mkono wa kuandika mabango ambao sijauona tena. Herufi zake zilikuwa na mkia mdogo mwishoni kama samaki. Kila bango la kituo mwaka huo ni lake. Alikuwa anakaa Manyatta na mwanamume, hawajaoana kanisani lakini wanakaa. Siku moja akiwa amepiga magoti juu ya karatasi anapaka rangi, aliniambia bila kuinua kichwa:

"Mathe, huyo wangu hajui mi hukuja huku. Anajua niko maktaba."

"Akijua?"

"Wee. Anasema huku mnafundishwa kudharau wanaume."

"Tunafundisha nini sisi? Mimi nafundisha kuosha vikombe."

Alicheka sana. Sikuuliza zaidi. Nilijiona nafuata mafundisho ya Mama Consolata. Na kila Jumatano aliandika jina lake kwenye kitabu, kwa zile herufi zenye mkia, mimi nikiwa nimesimama pale.

Ikafika siku ya kukaribisha watu wote, ile ambayo milango yote hufunguliwa na mtu yeyote anaweza kuingia kuona tunafanya nini. Nilikuwa nimefurahi mno. Watu walikuja, hata wanaume. Mchana, Lavender akiwa ameenda kuazima viti kwenye ukumbi, akaingia kijana mmoja nadhifu, shati limepigwa pasi. Akanisalimia kwa mikono miwili.

"Karibu, Baba. Chai na sukari ama bila?"

"Na sukari, Mama. Naweza kuandika jina?"

Ningekataa vipi? Nilimsogezea kitabu mimi mwenyewe. Akaandika. Kisha akafungua ukurasa wa nyuma yake, na wa nyuma tena, polepole, kama mtu anayeangalia picha za harusi.

"Mko na watu wengi," akasema.

"Wengi sana!" Kifua kilinijaa. Ilikuwa mara ya kwanza mwanamume kusifu kitabu changu.

"Na hii bango ni ya nani? Imetoka safi."

"Ni ya Lavender wetu. Huyo ni mkono wangu wa kulia, hakosi Jumatano hata moja."

Alitabasamu. Akamaliza chai, akaenda pale kwenye beseni akaosha kikombe chake, akakifunika. Nikawaza, huyu amelelewa vizuri. Hata niliwaambia wenzangu.

Jumatatu Lavender alikuja na kalamu zote za rangi ndani ya mfuko.

"Nimeleta kalamu zako, Mathe."

"Si zangu, ni zako. Jumatano unaandika bango gani?"

"Sitakuja Jumatano."

"Una mtihani?"

Akaangalia kile kitabu mezani. "Alikuja hapa. Ulimpea chai."

Nikakifunga kitabu.

"Anajua siku zote," akasema. "Anazitaja kama mtu anasoma rejista. Hata ile ya mvua kubwa, yenye tulikuwa wanne tu."

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema ni mimi. Kwamba kitabu nilimfungulia, na kile ambacho labda hakukisoma nilikisema kwa mdomo wangu. Nikasema, "Pole, nyathina." Mtoto wangu, pole. Pole anaweza kusema hata mpita njia. Lavender aliweka kalamu juu ya meza akazipanga kwa rangi, akaondoka.

Kuhusu yule kijana, sitamwita mnyama. Sijui kilichotokea nyumbani kwao, na sikuonyeshwa alama yoyote. Ninachojua nilikiona: alisalimia, alikunywa, aliosha kikombe, na alisoma kitabu ambacho mimi nilikiacha wazi mezani. Nikitaka kugawa makosa kwa haki, lazima nijikatie kipande changu kwanza.

Baada ya wiki chache Lavender hakuonekana hata darasani. Mwenyekiti wa mwaka huo alikuwa Brenda, msichana mfupi mwenye sauti ya kusimamisha pikipiki. Alikuja mbio.

"Mathe, huyu Lavi atapoteza nafasi! Asipotia sahihi fomu ya kuahirisha masomo kabla muhula uishe, wanamfuta. Na simu yake imezimwa."

"Nani anaweza kumtilia sahihi?"

"Hakuna. Ni yeye mwenyewe."

Jumamosi nilichukua ile fomu nikaenda Asembo Bay. Muhula ulikuwa umebaki na siku sita. Kule ufukweni haikuwa kazi kumpata mama yake. Niliuliza mama wa Lavender, watoto wakanionyesha kwa kidole. Alikuwa ameinama juu ya wavu, anageuza omena juani.

"Wewe ni wa chuo?" akaniuliza kabla sijamaliza salamu.

"Ni wa kituo, mama. Kile cha wanawake."

"Wa kile kitabu?"

"Ndiyo. Ni mimi."

"Basi simama hapo hapo kwa jua. Mi namaliza omena yangu."

Nilisimama. Jua la kule unalijua. Baadaye nikaona ni ujinga kusimama na mikono mitupu, nikainama upande wa pili wa wavu nikaanza kugeuza. Hakunikataza. Tukageuza mpaka katikati, vichwa vikakaribia kugongana, ndipo nikamwambia: kitabu kilikuwa changu na mdomo ulikuwa wangu, na binti yako sijamwambia hilo la mdomo.

"Sasa umekuja nikusamehe?"

"Nimekuja na fomu."

Akacheka kwa pua. "Hiyo ni afadhali. Leta hiyo fomu." Akafuta mikono kwanza kwenye leso. "Amemwacha huyo kijana. Yuko kwa dada yangu. Na sikwambii wapi, usije ukaandika mahali."

Nilistahili hiyo. Nilirudi Kisumu nikinuka omena, na kwa siku tano nikawa nakaa mlangoni kuliko ndani. Siku ya mwisho, karibu saa tisa, mama mmoja muuza samaki alisimama nje ya kituo na ndoo kichwani, akanipa kitu kilichofungwa na karatasi ya nailoni, akaenda zake bila kusema jina. Ilikuwa fomu. Sahihi ilikuwa na mkia. Brenda aliinyakua akakimbia nayo. Baadaye alinisimulia kwamba karani aliinusa akauliza, "Hii imetoka wapi?" na yeye akamjibu, "Ziwani, na imekauka vizuri, piga muhuri."

Nafasi yake ikabaki.

Jumatano iliyofuata sikuweka kitabu. Nilikuja na kopo tupu la maziwa ya unga na maharagwe kidogo kwenye bakuli, yale ya kuchemsha na mahindi kupika nyoyo. Nikawaambia wasichana: ukiingia chukua harage moja, tia ndani ya kopo. Usiandike kitu. Wakanicheka tena, lakini wakatia. Jioni nilimwaga, nikahesabu, nikaandika kwenye karatasi: tisa. Hakuna mtu anayeweza kusoma harage akajua ni la nani.

Afisa anayesimamia ripoti aliniita. Alikuwa mtu mzuri, nasema hivyo wazi, na kazi yake ilikuwa ngumu.

"Mama, mimi nitaandikaje maharagwe kwa ripoti?"

"Andika watu tisa, Bwana."

"Nitajuaje si wewe umeyatia mwenyewe?"

Hilo swali ni la haki mpaka leo. Brenda, ambaye hakuwa ameitwa lakini alikuwa amekuja, akasema, "Na kura je? Kura huwa na jina?" Yule afisa alikuna kichwa. Tukakubaliana: shughuli za wazi, kitabu kinabaki, anayetaka aandike, Jumatano ni kopo. Ndiyo maana unaona vitu viwili mlangoni. Watu hudhani ni mapambo.

Onyo moja: funga kifuniko. Likizo moja nilisahau, na panya wakala mahudhurio ya muhula mzima.

Lavender alirudi baada ya mwaka mmoja na nusu. Nilimwona kwa dirisha. Mwili ulikuwa umepungua, lakini mwendo ulikuwa wake. Nikaweka maji ya chai. Hakuingia. Kesho yake nikaweka tena. Baadaye niligundua kwamba akienda maktaba anazunguka nyuma ya ukumbi, njia ndefu yenye matope, asipite mbele ya mlango wetu. Mara moja tulikutana uso kwa uso penye bomba.

"Habari, Mathe."

"Nzuri, nyathina. Lavender, siku ile kuna kitu sikukwambia..."

"Mama aliniambia." Akafunga mtungi wake. "Sina kinyongo, Mathe. Ni vile tu mlango huo siwezi."

"Sawa."

"Nikiuona namsikia akizitaja zile siku."

"Nimeelewa."

Akaenda. Hakuna jambo baya alilofanya. Hakulazimika kuja, na mimi sikuwa na haki ya kungoja, lakini niliendelea kungoja mpaka alipomaliza. Siku ya mahafali nilikuwa nyuma ya hema la wageni na birika mkononi. Jina lake liliposomwa sikuweza kupiga makofi, nikapiga birika na kijiko. Mpishi akaniambia chakula bado.

Tangu hapo hakuna mengi. Miaka ilipita, wenyeviti wakapita, fulana zikabadilika rangi. Ukaja wewe, nikakufundisha kwa miezi miwili, na siku ya kuniaga mkanipa leso mbili na saa ya ukutani. Asanteni sana. Saa inafanya kazi. Nyumba yangu ni ndogo na inasikika kila chumba.

Nilidhani nitapumzika. Wiki ya kwanza nililala. Ya pili nikapanga vyombo. Ya tatu, Jumatano, ile saa yenu ilipofika tisa na nusu nikajikuta nimevaa viatu. Nikajiambia nakuletea kifuniko cha birika, maana nilikuwa nimenunua kimoja sokoni. Nilipofika karibu na chumba nikaona mlango uko wazi na wasichana wanaingia, na sikumjua hata mmoja. Nikazunguka nyuma ya ukumbi. Nilipitia ile njia yenye matope, mtu mzima kama mimi, na kifuniko ndani ya mfuko, nikasimama hapo kwenye kona. Sikuwa mfanyakazi tena. Sikuwa mwanafunzi. Kama mtu angeniuliza nimekuja kufanya nini, kweli nisingejua. Nilifikiria Lavender alisimama mara ngapi hapo.

Sijui nilikaa muda gani. Nikatoka, nikaja mlangoni. Miaka yote nimelinda lile kopo, sijawahi kutia harage, kwa sababu wafanyakazi hawahesabiwi. Nikachukua moja kwenye bakuli. Likalia ndani ya kopo.

Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Uliniona viatu vina matope. Uliona sina kazi hapo. Ukaamka, ukashika birika lenye sahani juu, ukasema:

"Mathe, na sukari ama bila?"

Na sukari, Mercy. Vijiko viwili.